Tairi kubwa kwenye SUV ndogo, anza na vipimo

Fungua mlango wa dereva uangalie kwenye nguzo yake. Pale kuna stika yenye saizi ya tairi la kiwandani na kiasi cha upepo. Kila mteja anayeniambia anataka matairi na rimu kubwa naanza naye hapo, hata kama amekuja na picha kumi kwenye simu, kwa sababu picha zile ni za gari la mtu mwingine.

Tuchukue saizi ninayokutana nayo mara nyingi zaidi: 225/65R17. Utaikuta kwenye Toyota RAV4 nyingi, Honda CR-V, Nissan X-Trail na Mazda CX-5. Hiyo 225 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni kimo cha shavu, yaani asilimia 65 ya upana huo, sawa na mm 146. R ni aina ya muundo, radiali, ambao ndio wa karibu matairi yote ya magari madogo siku hizi. 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na inchi moja ni mm 25.4. Shavu lipo juu na lipo chini, kwa hiyo zidisha 146 kwa mbili, ongeza 432 ya rimu, unapata kama mm 724. Iandike hiyo 724 mahali. Ndicho kimo cha gurudumu zima, na pembeni mwa tairi huikuti imeandikwa.

Neno "kubwa" lina maana mbili, na wengi wanazichanganya. Yupo anayetaka rimu kubwa, labda inchi 19, ili gari lipendeze. Yupo anayetaka tairi nene na refu ili gari lipande juu na lihimili barabara mbovu. Lakini nafasi ndani ya bodi ni ileile kwa wote wawili. Kila inchi unayoipa rimu unainyang'anya mpira. Ukifunga 235/55R19 kimo kinafika mm 741, ongezeko la asilimia 2.3 tu, ila shavu limeshuka kutoka mm 146 hadi 129. Ukienda 235/45R20 kimo ni mm 720, gari limeshuka badala ya kupanda, na shavu limebaki mm 106. Hapo shimo ambalo zamani ulikuwa hulisikii linaweza kukunja rimu au kukata nyuzi za shavu, na uvimbe unaotokea pembeni mwa tairi hauzibwi. Tairi hilo linatupwa.

Mimi husimama upande wa mpira. Kama gari linapita kwenye mashimo, mawe au vumbi, baki na rimu ya 17 uongeze tairi, au hata ushuke hadi 16 iwapo kalipa za breki, zile zinazobana diski ndani ya rimu, zinaruhusu. Mfano 235/65R17 ina kimo cha mm 737, ongezeko la asilimia 1.8. Na 235/70R16 inafika mm 735 huku shavu likiwa zaidi ya mm 164, na utaisikia tofauti yake mwilini siku ya kwanza. Ila kabla ya kununua rimu ya 16, ijaribu kwanza kwenye habu ya mbele, yaani kitovu ambacho rimu hufungwa, uizungushe kwa mkono, maana breki za baadhi ya matoleo haziiachii nafasi.

Mpaka wangu ni asilimia 3 juu ya kimo cha kiwandani. Kwa gari letu la mfano hiyo ni kama mm 746. Tairi la 245/65R17 lina mm 750, limeshavuka, na hapo ndipo hesabu ya karatasi inapoishia na kazi ya kuinama inapoanza.

Ingiza mkono nyuma ya gurudumu la mbele, juu ya tairi. SUV ndogo nyingi zina shokapu ya aina ya MacPherson mbele, na utagusa sahani ya chuma inayobeba springi. Pima nafasi kati ya sahani hiyo na mpira. Uzuri wake ni kwamba nafasi hii haibadiliki gari likipanda au likishuka, kwa kuwa shokapu na gurudumu husogea pamoja, kwa hiyo unaweza kuipima gari likiwa limeegeshwa tu. Tairi jipya litakula nusu ya tofauti ya vipimo: kutoka mm 724 hadi 750 tofauti ni 26, nusu yake 13. Ukikuta nafasi ya mm 20, utabaki na 7. Kokoto moja ikinasa kwenye meno ya tairi inatosha kukwaruza sahani. Nami sipendi kuona chini ya mm 10 mahali pale. Na hiyo hiyo nusu ndiyo gari linayopanda: watu hudhani wameongeza mm 26 chini ya tumbo la gari, kumbe ni 13.

Sasa rimu yenyewe. Nyuma yake, mara nyingi ndani ya mkono mmojawapo, pamechongwa kitu kama 17x7J na ET45. 17 ni kipenyo na 7J ni upana wa rimu, vyote kwa inchi. ET ni ofseti, umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaobana kwenye habu. Namba ikipungua, gurudumu linatoka nje. Tuseme rimu yako ni 7J ET45, na umependa moja ya 8J ET35. Upande wa ndani inasogea karibu na shokapu kwa mm 2.7 tu. Upande wa nje inatoka kwa mm 22.7. Karibu sentimita mbili na robo! Tairi litaanza kuchungulia nje ya bodi, litarusha tope ubavuni, usukani utavutwa zaidi gurudumu moja likiingia kwenye shimo, na beringi za habu zitabeba mzigo kwa namna ambayo hazikuundiwa. Tafuta rimu ambayo ofseti yake haiachani na ya kiwandani kwa zaidi ya mm 5 hadi 10. Spesa za kusukuma gurudumu nje sifungi.

PCD ni rahisi zaidi: ni idadi ya nati na kipenyo cha duara lao. RAV4, CR-V, X-Trail na CX-5 zote ni 5x114.3, ndiyo maana watu hudhani rimu zake zinabadilishana hovyo. Volkswagen Tiguan ni 5x112. Subaru Forester ilikuwa 5x100 hadi kizazi kilichotoka 2018 kikahamia 114.3. Usilazimishe 112 kwenye 114.3 hata kama nati zimekubali kushika.

Kinachosahaulika ni tundu la kati. Habu ya RAV4 ni mm 60.1, CR-V 64.1, X-Trail 66.1, CX-5 67.1. Rimu nyingi za dukani hutobolewa 73.1 ili ziingie kwenye magari mengi. Niliwahi kumfungia mteja rimu za hivyo bila kuangalia. Gari likafika kilomita 90 kwa saa, usukani ukaanza kutetemeka. Nilibalansi mara tatu, nikabadilishana matairi mbele na nyuma, hali ileile. Mwishowe nilifungua gurudumu, nikaona uwazi mweupe kuzunguka habu yote: rimu ilikuwa inaning'inia kwenye nati tu, haikukaa katikati. Ringi nne za plastiki za kuziba uwazi ule zilimaliza kazi. Tangu siku ile kalipa ya vipimo, kifaa cha kupimia matundu, haitoki mfukoni.

Nati nazo zina tabia zao. Toyota na Honda nyingi ni M12x1.5, yaani bolti ya mm 12 yenye hatua ya uzi ya mm 1.5; Nissan, Subaru na Suzuki nyingi ni M12x1.25. Nati asilia za Honda zina kikalio cha mviringo kama mpira wa kuchezea, wakati rimu nyingi za dukani zinataka kikalio cha koni. Ukichanganya, nati itakazika vizuri mbele ya macho yako kisha ilegee njiani.

Angalia pia namba ya mzigo pembeni mwa tairi. 102 maana yake tairi moja linabeba kilo 850, 98 ni kilo 750. Usishuke chini ya namba ya kiwandani. Matairi ya shavu fupi mara nyingi huifikia namba hiyo yakiwa ya XL tu, yaani yaliyoimarishwa kubeba mzigo zaidi, na hayo hudai upepo zaidi.

Spidomita itakudanganya kidogo. Ukiongeza kimo kwa asilimia 3.6, mwendo ambao mwanzo ulikuwa 100 sasa ni 103.6 na mshale umebaki palepale. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa hairuhusu spidomita kuonyesha mwendo mdogo kuliko ulio halisi, na tairi refu linakusogeza huko. Injini ndogo nayo italihisi ongezeko hilo kwenye mlima, kana kwamba gia zimerefushwa.

Kama gari linavuta magurudumu yote, badilisha manne kwa pamoja, ya chapa moja na meno ya kina kimoja. Subaru hutaka tofauti ya mzingo isizidi robo ya inchi, kama mm 6. Tairi la spea likibaki la saizi ya zamani, litumie kukufikisha kwa fundi tu.

Nikishafunga, nakaza nati kwa spana ya kipimo, na kwa magari mengi ya kundi hili ni kati ya Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 100 na 115. Kisha mteja anapakia watu wanne, anakata usukani hadi mwisho, anarudi nyuma polepole huku gurudumu moja likipanda kitu kama tuta. Nasikiliza. Baada ya kilomita 100 namwomba arudi, nakaza tena, halafu nainama na tochi kwenye plastiki ya ndani ya madigadi, upande wa nyuma wa gurudumu la mbele. Kama kuna mstari mweusi unaong'aa, tairi linagusa hapo.