Ukengeushi: Nani Huamua Kwamba Mtu Amepotoka?

Katika sosholojia, ukengeushi ni tabia, fikra au hata hali ya mwili ambayo kundi fulani la watu huiona kuwa inakwenda kinyume na kaida zake, na kwa sababu hiyo huichukulia hatua, iwe ni kukodolewa macho, kuchekwa, kutengwa au kufungwa jela. Kitendo peke yake hakitoshi kuitwa ukengeushi. Watu wengi hutoa mfano wa kuua wanapotaka kuonyesha kwamba yapo mambo yanayolaaniwa kila mahali, lakini askari anayeua adui vitani huvishwa nishani, anayeua kwa kujihami huachiliwa na mahakama, na anayeua ili apore hufungwa maisha. Katika hali zote tatu kuna aliyekufa. Kinachotofautiana ni mazingira ya tukio na kauli ya wale wenye mamlaka ya kulihukumu.

Dhana hii isichanganywe na uhalifu. Dereva anayezidisha mwendo kidogo barabarani amevunja sheria, na bado hakuna jirani atakayemwona kuwa amepotoka, ilhali mtu anayetembea akizungumza peke yake kwa sauti hajavunja sheria yoyote, na watu humpisha wakiwa wamegeuza nyuso.

Émile Durkheim, mwanasosholojia wa Ufaransa, aliandika mwaka 1895 kwamba hata katika jamii ya watakatifu watupu ukengeushi ungekuwepo, kwa kuwa makosa ambayo sisi huyapuuza yangeonekana huko kuwa mazito. Kwa maoni yake, kumwadhibu mkosaji huwakumbusha waliobaki mipaka yao iko wapi na huwafunga pamoja. Hoja hiyo ina nguvu, ila inasema machache mno kuhusu mipaka hiyo ni ya nani.

Pengo hilo lilijazwa na mwanasosholojia Howard Becker wa Marekani mwaka 1963, aliposisitiza kwamba makundi ya kijamii ndiyo yanayozalisha ukengeushi, kwa kutunga kanuni na kuzielekeza kwa watu fulani. Mfano wake unaonekana wazi katika marufuku ya pombe nchini Marekani kati ya mwaka 1920 na 1933, iliyopiganiwa kwa miongo kadhaa na makanisa na vyama vya wanawake. Sheria ilikataza kutengeneza, kuuza na kusafirisha pombe, si kuinywa, hivyo mtengenezaji wa bia aliyekuwa akilipa kodi kama mfanyabiashara mwingine yeyote akageuzwa mhalifu, na marufuku ilipofutwa akarudishiwa heshima yake kwa bia ileile.

Tiba nayo hubandika majina. Mwaka 1851 daktari Samuel Cartwright wa kusini mwa Marekani alidai kwamba watumwa waliotoroka walikuwa wagonjwa wa akili, akaupa ugonjwa huo jina la drapetomania, na miongoni mwa njia za kuuzuia akapendekeza viboko. Kiu ya uhuru ikawa maradhi, na bila shaka yalikuwa maradhi yenye faida kwa wenye mashamba.

Jina likishabandikwa huanza kufanya kazi. Mwanasosholojia Edwin Lemert alitofautisha, mwaka 1951, ukengeushi wa awali, ambao karibu kila mtu huufanya mara mojamoja bila kubadilisha anavyojiona, na ukengeushi wa pili, unaozuka pale mtu anapoanza kuishi kulingana na jina alilopewa.

Mwanasosholojia mwingine, William Chambliss, alilionyesha jambo hili kwa karibu katika utafiti uliochapishwa mwaka 1973 kuhusu makundi mawili ya wavulana wa shule moja ya Marekani. Wanane wa familia zenye uwezo walitoroka darasani, walilewa, waliharibu mali na kuendesha magari kwa fujo, lakini kwa kuwa walikuwa na magari, mengi waliyafanya mbali na macho ya mji, na waliposimamishwa na polisi walijua kuomba radhi kwa adabu. Katika miaka miwili ya uchunguzi hakuna hata mmoja wao aliyekamatwa rasmi. Wengine sita, wa familia maskini, walikaa pembeni mwa barabara ambapo kila mtu aliwaona, wakapigana, wakaiba, wakawajibu polisi kwa kiburi, na mji mzima uliwaita wahuni. Karibu wote wa kundi la kwanza waliendelea na chuo, ilhali wawili wa kundi la pili walikuja kuhukumiwa kwa mauaji. Wawili wengine wa kundi hilohilo walipata ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo, wakapewa jina jipya, na maisha yao yakafuata njia nyingine.

Hata hivyo, nadharia ya majina haielezi kwa nini mtu alitenda kosa la kwanza. Mwanasosholojia Robert Merton alijibu mwaka 1938 kwamba shinikizo hutokea jamii inapomhimiza kila mtu afanikiwe huku ikiwanyima wengi njia halali za kufanikiwa. Mwenzake Travis Hirschi, mwaka 1969, aliligeuza swali na kuuliza kwa nini watu wengi hawakosi. Kwake, kinachowazuia ni mafungamano na familia, shule na kazi, pamoja na imani katika kanuni zenyewe.

Hapo ndipo udhibiti wa jamii, yaani njia ambazo jamii huwafanya watu wafuate kaida zake, unapojikwaa. Udhibiti usio rasmi, yaani sifa, lawama, umbea na kununiwa, hufanya kazi kila saa bila gharama, na polisi na mahakama huingia pale unaposhindwa. Lakini rekodi ya kifungo humfungia mtu mlango wa ajira, na kwa kufanya hivyo hukata mafungamano yaleyale yaliyotarajiwa kumtuliza. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1974 kuhusu urekebishaji wa wakosaji ilijaribu kulishughulikia tatizo hilo: baada ya muda maalumu kupita bila kosa jipya, hukumu nyingi huhesabiwa kuwa zimekwisha, na anayeomba kazi halazimiki kuzitaja, isipokuwa katika nafasi kama zile za kuhudumia watoto.