Protini ya seli moja: maji ya kukamulia mawese yanavyogeuka chakula cha kuku

Protini ya seli moja ni miili ya vijidudu (hamira, bakteria, kuvu au mwani) iliyokuzwa kwa wingi, ikavunwa, ikakaushwa na kusagwa iwe unga wa kulishia mifugo. Jina lilibuniwa Marekani mwaka 1966, ila Wajerumani walishakuza hamira ya chakula tangu enzi za vita vya dunia.

Kigoma malighafi haiko mbali. Chikichi zikishachemshwa, zikatwangwa na mafuta kuenguliwa, hubaki maji ya kahawia, machachu, yenye utando wa mafuta juu. Maji ya namna hii yakitoka kwenye viwanda vikubwa huwa na pH (kipimo cha uchachu; namba ikiwa ndogo, uchachu ni mkali zaidi) ya 4 hadi 5, na kila lita huhitaji takriban gramu 25 za oksijeni ili uchafu wake uliwe na vijidudu. Yakimwagwa mtoni, oksijeni hiyo wananyang'anywa samaki. Yakiwekwa kwenye tangi, uchafu uleule unakuwa lishe ya hamira.

Tuchukue lita 1,000. Kwanza engua mafuta, kwa sababu yakibaki hewa haipenyi vizuri na unga baadaye unachacha. Poza mpaka nyuzi 30. Ukitia hamira kwenye maji yanayotoka moto jikoni umeipika. Mbegu ya hamira, yaani hamira hai iliyokwisha kukuzwa kwenye maji, iwe lita 50 hadi 100. pH iache kwenye 4 hadi 4.5, maana uchachu huo huzuia bakteria wengi wasiotakiwa. Kisha hewa: lita 500 hadi 1,000 kwa dakika, usiku na mchana. Hapa ndipo gharama ilipo, na ndipo wengi hukwama. Hamira ikikosa hewa haizidishi mwili wake, inatengeneza pombe. Harufu ya pombe tangini ni dalili kwamba pampu imezidiwa.

Hamira ikila nusu ya uchafu ule, tegemea kilo 5 hivi za seli kavu. Zikiwa na protini asilimia 45, zimebeba gramu 360 za naitrojeni, ambayo ni sehemu ya kila protini. Naitrojeni iliyomo kwenye maji nyingi imefungwa ndani ya vipande vya mmea, kwa hiyo huongezwa urea, kama gramu 800, kwa mafungu. Usiimwage yote mara moja.

Sababu ni hii. Maabara kwa kawaida haipimi protini yenyewe. Hupima naitrojeni na kuzidisha kwa 6.25. Gramu 100 za urea zilizosalia bila kuliwa zitasomeka kama gramu 287 za protini, ambayo haipo. Karatasi inapendeza, kuku hawatagi. Hata hamira safi ina asidi za kiini (DNA na RNA, zenye naitrojeni pia), asilimia 6 hadi 10, nazo huhesabiwa humohumo. Kuku na samaki huzimudu. Binadamu akila nyingi hujaza asidi ya yuriki na kuugua jongo.

Maji ya wanga, kama ya kuloweka au kuosha muhogo, ni habari nyingine. Hamira nyingi haziwezi kula wanga moja kwa moja. Wasweden, kwa maji ya viazi, walitumia hamira mbili: moja inavunja wanga kuwa sukari, nyingine inaila.

Kuvuna: acha itulie au chuja kwa mashine, osha kwa maji safi (urea na chumvi hutoka hapa), pasha nyuzi 80 ili seli zife, kausha mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 10. Msimu wa mvua kutegemea jua ni kukaribisha ukungu.

Tope la chini ya bwawa la maji taka lililokaushwa tu si protini ya seli moja, hata likiuzwa kwa jina hilo. Na unga huu haumalizi kazi ya dagaa. Hamira ina upungufu wa methionini, kijenzi kimojawapo cha protini, ambayo dagaa wanayo ya kutosha. Kwa kuku anza na kilo 5 katika kila kilo 100 za chakula, dagaa uwapunguze bila kuwaondoa.