Kazi Inayohama Nawe: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli kwa Wenza wa Wanajeshi wa Marekani

Amri ya uhamisho ikifika, mazungumzo huanza na nyumba, yakaja ya shule ya watoto, kisha gari. Kazi ya mke hutajwa usiku, watu wameshachoka. Nasema mke kwa sababu karibu wenza tisa kati ya kumi wa wanajeshi wa Marekani ni wanawake. Waume wapo pia, na haya yote yanawahusu. Familia nyingi huhamishwa kila baada ya miaka miwili au mitatu, na uchunguzi wa Wizara ya Ulinzi wa mwaka 2021 ulikuta ukosefu wa ajira kati ya wenza hao ni kama asilimia 21. Penye shida ya namna hiyo washauri hawakosekani. Tatizo ni kwamba mengi wanayoyasema yamepitwa na wakati, na mengine hayajawahi kuwa kweli.

Dhana: Kazi ya kuhama nayo lazima iwe ya kompyuta

Huu ndio mzizi wa dhana nyingine zote. Mtu ana taaluma yake nzuri, anaiacha, anaingia kwenye biashara ya mtandaoni asiyoipenda, eti kwa sababu inaingia kwenye begi. Hata ajira ya mbali ina mipaka yake: kampuni nyingi zimejisajili kukata kodi ya mishahara katika majimbo fulani tu, na ukihamia jimbo ambalo halimo wanaweza kukuaga, kompyuta yako ukiwa umeishika mkononi. Muuguzi, mwalimu, mhasibu, msusi wa nywele, hawa wanatakiwa kila penye watu. Kinachowakwamisha ni leseni, na mambo ya leseni yamebadilika sana.

Dhana: Ukivuka mpaka wa jimbo, leseni yako imekufa

Zamani ilikaribia kuwa kweli, maana Marekani leseni za taaluma nyingi hutolewa na majimbo, na kila jimbo lina bodi zake, ada zake na fomu zake. Ila tarehe 5 Januari 2023 Rais Joe Biden alitia saini sheria iliyoongeza kifungu kipya kwenye SCRA, ile sheria ya shirikisho inayowakinga wanajeshi katika mambo ya kiraia. Kwa kifungu hicho, mwenza aliyehama kwa sababu ya amri ya kijeshi anaweza kutumia leseni yake ya zamani katika jimbo jipya.

Si majimbo yote yaliyoipokea kwa mikono miwili. Mke wa mwanajeshi wa anga, mshauri wa wanafunzi mwenye leseni za Ohio na Missouri, alihamia Texas akakataliwa leseni zake. Akaenda mahakamani. Wizara ya Sheria ya shirikisho ikaandika kumuunga mkono, na Julai 2023 jaji wa shirikisho akaamua upande wake. Kwa hiyo ukimkuta karani anayekwambia "hapa hatutumii hiyo", ujue ni yeye ambaye hajasoma.

Lakini leseni haijihamishi yenyewe. Unapeleka maombi kwa bodi ya jimbo jipya pamoja na amri ya uhamisho, cheti cha ndoa na hati ya kiapo iliyothibitishwa na notari. Na leseni ya zamani lazima iwe hai, isiwe na doa la nidhamu. Hapa ndipo wengi hujikata wenyewe: wakishahama, wanaiacha ile ya zamani iishe muda, wanaona kuilipia ada ni kupoteza pesa. Kumbe ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa inawabeba.

Chukua muuguzi wa Norfolk, Virginia, ambaye mumewe ni baharia na sasa amepangiwa San Diego, California. Majimbo zaidi ya 40 yamo kwenye mkataba wa leseni za wauguzi, NLC, na Virginia imo. California haimo. Akidhani leseni yake ya mkataba inatosha, ataripoti kazini bila kibali. Akidhani lazima aanze upya kama mhitimu wa jana, atapoteza miezi. Njia yake ni kifungu cha SCRA. Lau mumewe angepangiwa Texas, iliyomo kwenye mkataba, kanuni za mkataba ndizo zingemwongoza: kwa kawaida unayehamishia makazi yako rasmi jimbo jingine la mkataba una siku 60 za kuomba leseni ya huko.

Ada nazo zinarudishwa. Kila tawi la jeshi linaweza kufidia hadi dola 1,000 kwa kila uhamisho, kwa gharama za leseni na mitihani, na hata za kuhamisha biashara ndogo. Anayepeleka madai ni mwanajeshi mwenyewe, kwa hiyo stakabadhi zako zikae kwake, na umkumbushe. Umkumbushe tena.

Dhana: MyCAA italipia shahada

MyCAA, msaada wa masomo wa Wizara ya Ulinzi kwa wenza wa wanajeshi, hailipii shahada ya kwanza wala ya uzamili. Inalipia vyeti, leseni na shahada shirikishi za miaka miwili, mwisho dola 4,000, na kwa kawaida si zaidi ya 2,000 kwa mwaka wa fedha. Cheo cha mwanajeshi nacho kinahesabiwa. Mke wa kanali hayumo. Anayetaka shahada aulize kuhusu GI Bill ya baada ya 9/11, ile haki ya kulipiwa masomo anayoipata mwanajeshi kwa utumishi wake. Mwanajeshi aliyetumikia miaka sita na kukubali kuongeza minne anaweza kumhamishia mwenza haki yake, lakini sharti aombe akiwa bado jeshini.

Dhana: Mke wa mwanajeshi ana kazi yake serikalini

Ana mlango wake. Kazi bado aitafute. Sheria inaruhusu idara za shirikisho kumwajiri bila ushindani wa kawaida; neno ni "inaruhusu". Jingine linalowashtua wenzetu waliotoka Afrika Mashariki: kazi hizo kwa kawaida zinataka raia, green card haitoshi. Ila mwenza wa raia aliyetumwa kituo cha ng'ambo anaweza kuomba uraia bila kusubiri ile miaka mitatu iliyozoeleka, na wengi wanasafiri bila hata kuuliza.

Dhana: Ukiwa na laptopu, kodi na mipaka havikuhusu

Ng'ambo unaishi chini ya mkataba wa hadhi ya majeshi, SOFA, na kila nchi ina wake. Nchi moja itakuacha uendelee na mwajiri wako wa Marekani, nyingine itasema kazi imefanyikia kwenye ardhi yake na kibali kinatakiwa, ingawa bosi wako hajawahi kukanyaga huko. Uliza ofisi ya sheria ya kambi kabla hujasema ndiyo kwa mwajiri. Na ukitaka kuendesha biashara kwenye nyumba ya kambini, hata kusuka nywele za majirani, omba ruhusa ya maandishi.

Ndani ya Marekani habari ni nzuri kuliko wengi wanavyodhani. Kwa kodi ya jimbo, mnaweza kuchagua makazi ya kisheria ya mwanajeshi, au ya mwenza, au jimbo la kituo. Kama makazi ya mumeo ni Florida, ambako mishahara haitozwi kodi ya jimbo, na kituo chenu ni Virginia, mshahara wako unaweza kusalimika. Mwajiri hatajua hilo kwa kukutazama. Usipojaza fomu ya makato kudai msamaha wako, atakata tu.

Dhana: Ficha kwamba umeolewa na mwanajeshi

Hili sina jibu la moja kwa moja. Waajiri wanaoogopa kuachwa baada ya miaka miwili wapo. Lakini CV yenye miji mitano kwa miaka kumi bila maelezo inamfanya msomaji ajitungie maelezo yake, na huwa mabaya kuliko ukweli. Mimi ningeandika sentensi moja fupi, "nilihama kwa amri za kijeshi", nikaendelea na nilichofanya. Tena zipo kampuni zilizojiunga na MSEP, mpango wa Wizara ya Ulinzi ulioanza 2011, hasa kwa ajili ya kuajiri wenza. Huko kujificha ni kujinyima.

Karatasi zote hizi, yaani amri, cheti cha ndoa, leseni, vyeti vya shule, stakabadhi, usiwape wapakiaji. Rafiki yangu mmoja aliliacha faili lake mezani siku ya kuhama. Liliibuka baada ya wiki saba, ndani ya boksi lililoandikwa "jikoni", kati ya sufuria mbili, na nafasi aliyoitiwa usaili ilikuwa imeshajazwa. Siku hizi akihama faili hukaa siti ya mbele ya gari, amelifunga mkanda.