Nyimbo za vipindi vya kauboi hazikuzaliwa Nashville

Kila wapenzi wa kantri, muziki wa Marekani ambao makao yake ni mji wa Nashville, wanapokaa pamoja, hakosekani mmoja wa kudai kwamba kantri halisi ni ile iliyofungulia vipindi vya kauboi vya televisheni, na kwamba waimbaji akina Jim Reeves ndio walioiharibu kwa kuilainisha ili ipendwe na watu wa pop. Mimi hupiga gitaa la muziki huu kwa malipo, na dai hilo limenichosha, maana limegeuza historia kichwa chini miguu juu.

Wimbo wa Bonanza, kipindi kilichoanza mwaka 1959, uliandikwa na Jay Livingston na Ray Evans, watunzi wa filamu wa Hollywood, na aliyeufikisha nafasi ya 19 kwenye chati ya pop ya Marekani mwaka 1961 ni Al Caiola, mpiga gitaa wa studio za New York. Wa kipindi cha Rawhide ulitungwa na Dimitri Tiomkin, mzaliwa wa Ukraine aliyesomea muziki St Petersburg, ukaimbwa na Frankie Laine wa Chicago, nyota wa pop. Kipindi cha The Lone Ranger kilichukua utangulizi wa opera ya mwaka 1829 ya Rossini, mtunzi wa Italia: ule mwendo wa farasi, yaani noti mbili fupi zinazoisukuma ya tatu, ulikuwa ukipigwa na okestra za Ulaya kabla televisheni haijabuniwa. Nyimbo hizo nazipenda na nazipiga. Ninachokataa ni kuzifanya mzazi wa kantri.

Sasa sikilizeni He'll Have to Go ya Jim Reeves, iliyorekodiwa Nashville mwaka 1959 chini ya mtayarishaji Chet Atkins. Ni kweli kwamba fidla, ala ya kantri ya jadi, haimo. Kuna piano ya Floyd Cramer, vibrafoni na waitikiaji, naye Reeves anaimba kwa sauti ya chini, mdomo ukikaribia kugusa maikrofoni. Lakini mwanamume anayempigia mpenzi wake simu kutoka baa, akimsihi amfukuze mwanamume aliye naye, ni kisa cha kantri tupu. Mwaka 1960 wimbo huo ulikaa kileleni mwa chati ya kantri kwa wiki 14 na kufika nafasi ya pili ya pop, kwa santuri ile ile, bila toleo la pili lililolainishwa kwa ajili ya mtu yeyote. Watu wa pop ndio waliofuata wimbo ulipo.

Panaponitatiza ni kwa mwimbaji Marty Robbins. Wimbo wake El Paso ni kisa cha kauboi cha zaidi ya dakika 4, kilichorekodiwa Nashville, na gitaa la Grady Martin likilia kwa ladha ya Mexico kati ya mistari, nacho kiliongoza chati zote mbili mapema mwaka 1960. Vitabu hukiita kantri na kusonga mbele. Mimi siwezi kuapa kwamba kingefika mbali hivyo kama televisheni za Marekani wakati huo zisingekuwa zimejaa kauboi kila jioni. Hapo mkitaka kubishana nami, nitawasikiliza.