Dhamira ya ukutani haiuzi vikapu Ulaya

"Dada, tuandikie dira na dhamira, tupate soko la nje." Ombi hili nalisikia kwa wasukaji wa vikapu vya milulu, aina ya nyasi, huko Iringa, kwa wauza viungo, kwa wakulima wa mwani, na limenichosha. Kuna akina mama wanaomlipa mtaalamu kwa sentensi moja ya dhamira, yaani ya kusema kikundi kipo kwa kazi gani, ilhali hawana hata chanja ya kukaushia milulu.

Dhana: Dhamira nzuri huleta oda

Mnunuzi haanzi na dhamira yako. Anaanza na sampuli, bei ya FOB (ya mzigo ukiwa umepakiwa melini bandarini kwako) na muda utakaochukua kumaliza mzigo. Mwaka 2001 watafiti Bart, Bontis na Taggar walichunguza makampuni makubwa ya Canada na Marekani, wakaona dhamira husaidia pale wafanyakazi wanapoishika na taratibu za ndani zinapokwenda nayo. Mwaka 2011 Desmidt, Prinzie na Decramer walijumlisha tafiti za miaka 20, wakapata uhusiano kati ya dhamira na mafanikio ya kampuni upo, lakini mdogo. Kwenye kikundi cha wasukaji naliona jambo hilohilo, tena waziwazi zaidi.

Mara nyingi nakuta hii: "Kuwa kinara wa kimataifa katika kutoa bidhaa bora na bunifu kwa weledi na uadilifu." Ibandike kwenye kiwanda cha matofali, itafaa vilevile. Msukaji akiisoma hajui afanye nini kesho asubuhi.

Sasa soma hii: "Tunasuka vikapu vya milulu vya vipimo visivyobadilika kwa maduka ya vyombo vya nyumbani Ulaya, na msukaji analipwa siku anayoleta kikapu." Hii inakupa kazi. Kwa ajili ya vipimo, kila msukaji lazima awe na pete ya waya ya kupimia mdomo na kitako, maana mnunuzi anataka vikapu vitatu vinavyoingiana, na cha kati kikizidi kipimo kwa sentimita mbili seti nzima imeharibika. Kwa ajili ya malipo ya siku hiyohiyo, hupokei oda isiyo na malipo ya awali. Na ikija oda ya haraka wakati wa masika, milulu haijakauka, unaikataa. Unyevu ukifungiwa ndani ya kontena kutoka Dar es Salaam hadi Hamburg, mzigo unafika na kuvu.

Nakijua kikundi kilichopokea oda ya namna hiyo. Mnunuzi alikataa kulipa salio, na wasukaji wakabaki wanadai fedha zao, wengine wakaacha kabisa kusuka. Dhamira yao ilitaja ubora mara mbili, na hakuna aliyeifungua siku ya kuamua. Hilo ndilo linaloniuma. Kwa hiyo nawaambia: kabla ya kujibu oda yoyote, someni dhamira kwa sauti mbele ya wanakikundi, muulizane kama inaruhusu. Kama haiwezi kukataa oda hata moja, ifuteni muandike nyingine.

Dhana: Watanunua kwa sababu sisi ni wanawake

Oda ya kwanza huenda ikaja kwa huruma. Ya pili haiji hivyo. Hata wanunuzi wa biashara ya haki wanataka ushahidi: WFTO, shirika la biashara ya haki duniani, ina kanuni 10, na malipo ya haki ni mojawapo. Andaeni daftari la malipo lenye sahihi za wasukaji. Bila hilo, "kuwawezesha wanawake" ni maneno matupu.

Dhana: Lazima iwe ya Kiingereza

Andikeni kwa Kiswahili, na mkitaka, Kihehe. Anayeitekeleza yuko kijijini. Ya mnunuzi itatafsiriwa baadaye.

Dhana: Dhamira ikiwa tayari, karatasi zitafuata zenyewe

Hazifuati. Vikapu vya Tanzania vinaingia Umoja wa Ulaya bila ushuru chini ya EBA, mpango wa Umoja huo kwa nchi maskini zaidi, lakini lazima uthibitishe uasili wake, yaani kwamba vimetengenezwa Tanzania, na mzigo ukizidi yuro 6,000 sharti uwe umesajiliwa kwenye REX, mfumo wa Umoja wa Ulaya wa kusajili wauzaji wa nje. Anzeni usajili huo mapema, kabla oda kubwa haijaingia, na ile fedha mliyotenga kumlipa mwandishi wa dhamira nunueni waya wa pete na mbao za chanja.