Homoni tele, kipokezi kiziwi: dhana potofu kuhusu viungo vya uzazi vya kiume

"Mvulana akizaliwa na uume mdogo, basi amepungukiwa homoni."

Huenda, ila si lazima. Testosteroni, homoni kuu ya kiume, kuwa nyingi kwenye damu hakutoshi. Sharti inaswe na kipokezi chake ndani ya seli, nacho ndicho huziamsha jeni za kujenga maumbile ya kiume. Wapo watu wenye kromosomu X na Y ambao kipokezi hicho hakifanyi kazi kabisa. Wana korodani, aghalabu zimebaki tumboni au kwenye kinena, na testosteroni yao hufikia kiwango cha wanaume au kukipita. Hata hivyo, kwa nje huzaliwa na maumbile ya kike, na wakibalehe huota matiti. Mfuko wa uzazi hawana: homoni nyingine ya korodani, inayouzuia usiumbike, ina kipokezi chake yenyewe, nacho ni kizima. Wengi hujua hali yao pale hedhi inapokawia kuja.

"Hayo ni ya ukoo wa baba."

Jeni ya kipokezi hicho cha androjeni (yaani homoni za kiume kama testosteroni) imo kwenye kromosomu X, na X ya mvulana hutoka kwa mama. (Asilaumiwe mama pia, mabadiliko mengine ya jeni huanzia kwa mtoto mwenyewe.)

"Kipokezi ni kizima au kibovu, basi."

Hapana, kuna ngazi nyingi katikati. Ndani ya jeni hiyo herufi tatu za DNA, CAG, hujirudia, kwa wengi mara 20 na ushei, na marudio yakizidi kipokezi hupungua makali kidogo. Hiyo ni tofauti ya kawaida baina ya watu, si ugonjwa. Tafiti zilizotafuta uhusiano wake na korodani zisizoshuka, au na tundu la mkojo kukaa upande wa chini wa uume, zimetoa majibu yanayokinzana. Kwa hiyo anayekuuzia kipimo cha jeni cha kutabiri ukubwa wa uume anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

"Homoni za ukubwani zitarekebisha."

Umbo lenyewe hupangwa hasa kati ya wiki ya 8 na ya 14 ya mimba. Mrija wa mkojo usipofunga vizuri wakati huo, hakuna sindano ya kuufunga baadaye. Anayeweza kuurekebisha ni daktari wa upasuaji. Korodani nazo zisiposhuka mtoto akifika miezi 6, apelekwe kwa daktari huyo, maana upasuaji hupendekezwa ufanyike kabla ya miezi 18.