Utafiti tendaji katika mafunzo ya walimu kazini: maana yake na unavyofanywa shuleni

Utafiti tendaji ni uchunguzi anaoufanya mwalimu mwenyewe, ndani ya darasa lake, kuhusu tatizo la ufundishaji linalomkabili, kwa nia ya kubadili namna anavyofundisha na kuona kwa ushahidi kama mabadiliko hayo yamewasaidia wanafunzi. Mambo mawili yanautofautisha na utafiti uliozoeleka vyuoni: anayechunguza ndiye anayetenda, na uchunguzi haukamiliki mpaka jambo fulani limebadilishwa darasani na matokeo yake yameangaliwa. Mtafiti wa chuo kikuu anaweza kueleza kwa nini watoto wa darasa la tatu wanashindwa hesabu za kutoa, kisha akaondoka. Mwalimu anayefanya utafiti tendaji atasimama mbele ya watoto walewale Jumatatu inayofuata.

Dhana hii haikuanzia shuleni. Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyehama Ujerumani mwaka 1933 na kwenda Marekani, aliieleza katika makala ya mwaka 1946 iliyohusu uhusiano baina ya makundi ya jamii, akionyesha mzunguko wa kupanga, kutenda na kutafuta ukweli kuhusu kilichotokana na tendo lenyewe. Mwaka 1953 Stephen Corey, aliyekuwa akifundisha walimu New York, aliitetea kama njia ya kuboresha kazi za shule. Nchini Uingereza Lawrence Stenhouse alikwenda mbali zaidi: kufikia mwaka 1975 alikuwa akisisitiza kwamba mtaala hauwezi kuendelezwa bila kumwendeleza mwalimu, na kwamba mwalimu huendelea kwa kuichunguza kazi yake, si kwa kupokea maagizo. Miaka ya 1980, Stephen Kemmis na Robin McTaggart wa Australia waliupa mzunguko huo sura inayofahamika zaidi leo: panga, tenda, angalia, tafakari, kisha panga upya kuanzia pale ulipofika.

Hoja ya Stenhouse ndiyo inayoufanya utafiti huu uwe na uzito katika mafunzo ya walimu walio kazini. Mafunzo mengi ya aina hiyo yamekuwa yakifuata mkondo mmoja: walimu wachache wanaitwa kwenye semina, wanasikiliza mada iliyoandaliwa mbali na shule zao, wanarudi na makabrasha, na darasa linaendelea kama lilivyokuwa. Kosa si la mwezeshaji wala la mwalimu. Mada ilijibu swali ambalo mwalimu huyo hakuwa ameliuliza. Tanzania Bara imejaribu kuliepuka hili kwa mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, unaosimamiwa kitaalamu na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambapo walimu hukutana shuleni kwao katika jumuiya za kujifunza. Nchini Kenya, mradi wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi ulioanza mwaka 1998 kwa ushirikiano na Japani uliwazoesha walimu hatua za kupanga, kutenda, kutazama na kuboresha, ambazo ni ndugu wa karibu wa utafiti tendaji. Hata hivyo, kukutana shuleni peke yake hakutoshi. Jumuiya ya kujifunza isiyo na ushahidi kutoka darasani hugeuka upesi kuwa semina ndogo, ambamo mwenye uzoefu mrefu anazungumza na wengine wanaandika.

Tuchukue mfano. Mwalimu wa darasa la tatu anaona kwamba wanafunzi wengi, wakipewa 52 kutoa 27, wanaandika 35. Haraka ya kawaida ni kusema kwamba hawafanyi mazoezi, halafu kuwaongezea maswali ya aina hiyohiyo. Mwalimu anayechunguza anajizuia kwanza, anachagua madaftari kumi, yakiwemo ya wanaofaulu na ya wanaoshindwa, na anawaita wanafunzi hao mmoja mmoja wamweleze kwa sauti walivyofikiri. Hapo linajitokeza jambo ambalo kalamu nyekundu isingeweza kulionyesha. Mwanafunzi mmoja anasema: mbili kutoa saba haiwezekani, kwa hiyo nimechukua saba nikatoa mbili, nikapata tano, kisha tano kutoa mbili ni tatu. Mwingine amekopa kumi vizuri, akatoa saba kwenye kumi na mbili akapata tano, lakini amesahau kwamba makumi yamebaki manne, akaandika tatu. Jibu ni lilelile, 35, na makosa ni mawili yasiyofanana hata kidogo. Wa kwanza hajui kwamba kumi moja inaweza kuvunjwa kuwa mamoja kumi. Wa pili anajua, ila hafuatilii alichokivunja.

Ugunduzi huo unabadili mpango wote. Kwanza, mwalimu anatambua kwamba swali lake lilikuwa linaficha tofauti: angewauliza 53 kutoa 27, wa kwanza angepata 34 na wa pili 36, na makundi mawili yangejitenga yenyewe. Pili, tiba haiwezi kuwa moja. Kundi la kwanza linahitaji vijiti vilivyofungwa kumi kumi, walifungue fungu kwa mikono yao na kuhesabu. Kundi la pili linahitaji mazoea ya kukata tarakimu ya makumi na kuandika mpya juu yake kabla ya kuendelea. Mwalimu anajiandikia swali linaloweza kujibika: je, wanafunzi wakifungua mafungu ya vijiti kwa wiki mbili, wataacha kutoa tarakimu ndogo kutoka kubwa bila kujali mahali ilipo? Swali la aina ya «nifanyeje ili ufaulu upande» halimfikishi popote, kwa sababu hakuna atakachokiangalia darasani kikamjibu.

Katika hatua nne, ninaamini ile ya kuangalia ndiyo inayodhoofika zaidi. Kupanga tumekuzoea kupitia azimio la kazi na andalio la somo, na kutenda ni kazi ya kila siku. Lakini kati ya kutenda na kutafakari wengi huruka, wakaandika kwamba wanafunzi walishiriki vizuri na lengo limefikiwa. Ushahidi hauhitaji vifaa vya gharama. Katika mfano wetu yanatosha majaribio mawili mafupi yenye tarakimu zilizochaguliwa kwa makini, moja kabla na moja baada, maneno ya wanafunzi walewale kumi yaliyoandikwa kama yalivyosemwa, na mwalimu mwenzake akaaye nyuma ya darasa kwa kipindi kimoja akiandika nani anafungua fungu na nani anamtazama jirani yake. Vyanzo vikiwa vitatu, ni vigumu mtu kujidanganya. Darasa likiwa na wanafunzi themanini au zaidi, ndiyo sababu hasa ya kuchagua wachache na kuwafuatilia kwa karibu.

Mwalimu anayeangaliwa na mwenzake hivyo anahitaji ulinzi, na hapa mwalimu mkuu ana nafasi kubwa. Uangalizi wa darasani umehusishwa kwa muda mrefu na ukaguzi, na mwalimu anayehisi kwamba udhaifu wake utaingia kwenye faili lake atachagua mada anayoimudu. Kumbukumbu za utafiti tendaji zikae mikononi mwa jumuiya ya kujifunza, na zisitumike kumpima mwalimu. Vilevile, majina ya wanafunzi yasitajwe kikaoni pasipo na haja, na asiwepo mtoto anayenyimwa msaada ili apatikane wa kulinganishwa naye.

Wapo wanaouona utafiti huu kuwa si utafiti, kwa kuwa matokeo ya darasa moja hayawezi kutangazwa kuwa ni ya shule zote. Ni kweli hayawezi, wala hilo silo lengo lake. Kinachoweza kusafiri kwenda darasa jingine ni swali, chombo cha kukusanyia ushahidi na maelezo ya kina ya kilichotokea, ili mwalimu mwingine ajaribu kwake. Kwa hiyo taarifa ya mwalimu wetu inaweza kuwa kurasa mbili tu: tatizo, alichokiona kwenye madaftari, alichobadilisha, ushahidi wa kabla na baada, na lililobaki bila jibu. Tuseme kundi la vijiti limeelewa, lakini wachache wanarudia kosa lao pindi vijiti vinapoondolewa mezani. Hilo ndilo swali la mzunguko wa pili. Naye mwalimu wa darasa la nne, aliyekuwa akisikiliza kikaoni, ana la kwake la kuchunguza: watoto haohao watafanya nini watakapokutana na 304 kutoa 126, ambapo safu ya makumi haina kitu cha kukopesha?